Sauti ya Kwanza Ilikuwa Maji

Mtoto wangu hasemi. Naanza hapo kwa sababu watu wengi hapa Likasi wanaanzia mahali pengine: nani alimfunga ulimi, nilikula nini nikiwa na mimba, ukoo wa mama yangu kule Kapolowe una mambo gani. Ana miaka mitano. Anasikia vizuri, daktari alimpima masikio akasema hayana kasoro. Anaelewa kila kitu unachomwambia, hata yale usiyotaka aelewe. Na hasemi. Daktari aliniambia mtaalamu wa mambo hayo yuko Lubumbashi, akaniambia hivyo kama mtu anayekuonyesha duka ng'ambo ya barabara.

Karibu mwaka mzima mtoto huyo alisema kwa tableti. Nitaeleza jinsi alivyopata maneno yake na jinsi yalivyopotea mchana mmoja, kwa kidole cha mtu ambaye hakuwa na ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo linaloniunguza. Mtu mbaya ungemtoa kwenye lupango, ua wa nyumba yako, ukafunga mlango nyuma yake, mambo yakaisha.

Tableti aliinunua mume wangu alipopata kazi kwenye machimbo upande wa Kolwezi. Anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, analala, anakula, anaondoka tena. Siku aliyoileta aliiweka mezani akasema, hii ni ya nyumba. Kwao, watu wa Kasai waliozaliwa hapahapa kwenye nyumba za kampuni, neno hilo lina mpangilio wake: ni ya mama yake, halafu ya mdogo wake, halafu ya mke. Sikubisha. Nilikuwa na mtoto wa kubishania.

Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anaishi nasi. Mchana anachomelea milango ya chuma, jioni na Jumapili ndiye fundi wa muziki wa korali, yaani kwaya, ya kanisa letu. Kinanda cha kanisa kiliungua kwa sababu ya umeme kwenda na kurudi. Bwawa la umeme la Koni liko pale, maji ya mto Lufira yanazungusha mashine usiku na mchana, nasi tunasali gizani. Basi shemeji akageukia tableti, kwa sababu tableti inakaa na chaji yake. Unaiunganisha na spika ya betri, ibada inaendelea. Akaweka humo programu ya kutengeneza muziki. Ukiifungua unaona miraba kumi na sita yenye rangi, na kila mraba una sauti yake: ngoma kubwa, ngoma ndogo, makofi, toazi, kengele. Unagusa, inalia. Mkusanyiko huo wa miraba wanauita kit.

Mtoto alipenda kukaa ubavuni mwake akitazama vidole. Siku moja shemeji alirekodi mfuniko wa sufuria yangu, kwa sababu aliupenda unavyolia, akauweka kwenye mraba mmoja wa kijani. Mtoto akaugusa. Mfuniko ukalia. Akainuka, akaja hadi kwenye mbabula, jiko la mkaa, nilipokuwa nasonga bukari, ugali wetu, akasimama mbele yangu na sahani yake mkononi. Mimi sikuelewa. Akarudi kwenye tableti, akaugusa tena ule wa kijani, akaja tena na sahani. Hapo mwiko ukabaki umesimama ndani ya sufuria.

Nilimwomba shemeji anifundishe. Siwezi kumnyima haki yake: alinifundisha alasiri nzima bila kuchoka, na alikuwa ametoka kazini na macho mekundu ya moto wa kuchomelea. Alinionyesha kurekodi, kukata kichwa na mkia wa sauti ili ianze pale kidole kinapogusa, kuondoa ule mvumo wa upepo. Hakunianzishia kitu kipya. Alichukua nakala ya kit yake mwenyewe, akasema nibadilishe sauti moja moja na namba niziache zilivyo.

Namba hizo lazima nizieleze, kwa sababu ndizo zilizotuua. Mafundi wa muziki wa makanisa, toka hapa hadi Mulungwishi, hadi Lubumbashi, wanatumiana sauti kutoka simu hadi simu. Walikubaliana kutoandika majina. Namba moja ni ngoma kubwa, daima. Namba mbili ni ngoma ndogo. Namba nne ni toazi. Sauti zote zinakaa kwenye folda moja, na kila mtu anaiweka folda hiyo mahali palepale. Sasa, ile kit yenyewe, ile miraba na rangi zake, haina sauti ndani. Wengi wanadhani ina sauti. Haina. Inachojua ni agizo tu: mraba wa kwanza, nenda kwenye folda ile, chukua namba moja. Kwa hiyo rafiki yako akikutumia ngoma mpya, unazimwaga juu ya zile za zamani, tableti inakuuliza kwa Kifaransa kama ibadilishe, unajibu ndiyo kwa zote, na nyimbo zako zote zinaamka na ngoma mpya bila wewe kugusa wimbo hata mmoja. Ni akili. Nami niliisifu siku ile.

Ile nakala yangu aliniwekea folda yake pembeni. Alisema hivyo, na mimi nilimwona akiiweka. Lakini kit yenyewe, lile agizo, iliendelea kuangalia kwenye folda ya kwanza, na ili mraba wa mtoto ulie, sauti zetu zikaenda kukaa humo, na ngoma zake akazihamishia simuni kwake. Hakuona shida, na miezi ilipopita akasahau. Kipindi kile kanisani alikuwa akipiga muziki kwa simu yake, akisema tableti na mtoto wamekwisha kuoana.

Basi namba moja ikawa maji. Niliyamimina kutoka kwenye bidoni, dumu letu la maji, hadi kwenye beseni la bluu, na shemeji ameshika tableti karibu hadi ikalowa pembeni. Bukari ilikuwa mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, lile pigo la mwisho linalowaita watu kunawa mikono. Kutoka nje ilikuwa komeo la mlango wa lupango. Baba yake alikuwa kicheko, nilichokirekodi mume wangu alipopiga simu. Mama mkwe wangu, ambaye mjukuu angemwita kaku kama angesema, alikuwa kikohozi chake anachokitoa kila anapoingia getini. Hakufurahi kusikia kwamba hicho ndicho kitu chake tulichokichagua. Na namba nne ilikuwa mimi, nikisema neno "mama", taratibu, jinsi ambavyo yeye angelisema. Kuku alilia nyuma yangu tukaacha hivyohivyo.

Siku ya kwanza aligusa maji, akanitazama. Nikampa kikombe, akanywa. Akagusa tena, nikampa tena. Kiu ilikuwa imekwisha zamani. Aliyamwaga chini, akagusa tena, akanitazama nione kama kweli nitaleta. Nilileta. Bidoni nzima iliisha hivyo, na maji kwenye mtaa wetu yanatafutwa kwa mguu na foleni. Ningemaliza na ya jirani.

Mama mkwe aliniambia mtoto wa mtu hasemi kwa mashine. Akamchukua kwenye chumba cha maombi, wakampaka mafuta kooni, wakamwambia aseme "Yesu". Aliporudi alipita katikati yetu moja kwa moja hadi kwenye tableti, akagusa bukari. Mama mkwe akavua kitambaa cha maombi akaenda kuwasha mkaa. Tangu hapo hakusema lolote juu ya mashine, na nilianza kumsikia akikohoa getini hata siku ambazo hana kikohozi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Watu wanaponiambia ilikuwa ni tableti tu, nakumbuka kwamba katika miezi ile mtoto wangu aliacha kuuma watu. Aliacha kupiga kichwa kwenye mlango wa chuma. Alikuwa akitaka kitu, anaomba, anapewa au ananyimwa, kama mtoto yeyote. Hata kukataliwa kulikuwa kuzuri. Unamnyima mtu aliyeomba. Huwezi kumnyima mtu ambaye hujui anataka nini.

Sikukuu ya korali ikakaribia. Walikuwa wamealika korali ya Mulungwishi, na kuna mashindano hata kama hakuna anayeyaita hivyo. Simu ya shemeji ilikuwa ndogo kwa kazi hiyo, na rafiki yake wa Lubumbashi alikuwa amemtumia ngoma mpya, nzito, zile zinazotikisa mabati. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Akaketi mezani, akafungua tableti, akazimwaga ngoma kwenye folda kama alivyofanya maisha yake yote. Tableti ikamwuliza. Akajibu ndiyo kwa zote. Akajaribu kwa vifaa vya masikioni, akaridhika, akaiacha mezani akatoka kutafuta waya wa spika.

Niliporudi nilisikia ngoma kutoka njiani. Pigo moja, kimya. Pigo moja, kimya. Nikadhani ni shemeji anafanya mazoezi.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni na tableti mbele ya magoti. Rangi zilikuwa zilezile. Aligusa mraba wa maji, ngoma kubwa ikapiga. Akaigeuza tableti, akatazama mgongo wake, akairudisha. Akagusa bukari, ngoma ndogo. Akagusa komeo, makofi. Alinitazama nikiwa mlangoni na bidoni kichwani, akagusa mraba wangu, na toazi likalia usoni mwangu. Kisha akagusa yote, mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho, bila haraka, kama mtu anayezunguka nyumba akijaribu milango. Alipomaliza hakulia. Alilaza shavu kwenye simenti akakaa hivyo.

Shemeji alirudi na waya wake shingoni, na utani wake wa siku zote, kwa sababu kwao mke wa kaka ni mtu wa kutaniwa.

"Bibi yangu, leo unaniangaria kama askari wa barabara."

Nikamwambia afungue kit ya mtoto. Akaifungua, anacheka bado. Akagusa mraba wa kwanza. Akagusa wa nne. Kicheko kikamtoka usoni, akakaa chini kwenye kiti polepole.

"Minye sikufuta kitu, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa bila utani. "Nilibadirisha tu."

"Ulimubadirishia mutoto kinywa."

"Nilifikiri za kwake ziko mu dossier ya kwake."

"Ni weye njo uliziweka. Minye niko na akili ya kujua mahali uliziweka? Ni weye."

Akaivuta tableti. Alitafuta kwenye kapu la taka la tableti. Hakuna. Kitu kilichofutwa huenda kwenye kapu, lakini kilichobadilishwa hakiendi popote. Kingine kimekalia kiti chake. Akampigia rafiki wa Lubumbashi, akapakua programu mbili tatu za kufufua mafaili, zikatuletea picha za harusi ya mtu na matangazo. Rekodi zetu ndefu za mwanzo tulikuwa tumezifuta zamani, kwa sababu tableti ile ni ndogo na kila kilichobaki kilikuwa kinagombania nafasi na nyimbo za kanisa. Jioni ile alikataa kula. Nilifurahi kwamba hakula, na nasema hivyo wazi.

Mume wangu kwenye simu aliuliza kwa nini tusirekodi nyingine tu, maji si ni maji. Nikakata simu. Mama mkwe akasema:

"Mungu amefunga mulango ile, mutoto apate kusema na mudomo yake."

"Basi amupe mudomo, mama. Minangoja."

Alinitazama. Mkwe mwingine angeitiwa kikao. Akainuka akaenda kulala.

Kesho yake nilirekodi upya. Safari hii nilitengeneza folda nyingine kabisa, mbali na namba za mafundi, na nikamlazimisha shemeji asimame nyuma yangu asiguse kitu, aseme tu kwa mdomo wapi nibonyeze. Niliielekeza kit mpya kwenye folda hiyo, mraba kwa mraba. Bidoni ileile, beseni lilelile. Mtoto aligusa, akasikiliza, akaisukuma tableti kwa kiganja. Nikarekodi tena, bidoni ikiwa imejaa, bidoni ikiwa nusu, beseni juu ya simenti, beseni juu ya udongo. Kwa sikio langu yalikuwa maji. Yeye alisikiliza kila moja hadi mwisho, kisha akasukuma. Shemeji alidhani anatambua tofauti. Mimi nilidhani jambo ni jepesi kuliko hapo: kitu kilikuwa kimemdanganya mara moja, na hakutaka tena kukiamini.

Neno langu, namba nne, lilishindikana kabisa. Nilisema "mama" asubuhi, nikasema mchana, nikasema nikiwa nimetabasamu kama wale wanawake wa matangazo ya sabuni. Kila nilipoisikiliza nilisikia mtu anayegombeza.

"Yaya, unasema na kasirani," shemeji akaniambia.

"Niko na kasirani."

"Ungoje ipite kwanza."

"Haipite."

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha.

Mtoto alirudia kuvuta watu, kama kabla ya tableti. Alinivuta kitenge hadi mlangoni, mlangoni hapakuwa na kitu anachotaka, akaniuma mkono. Alipiga kichwa kwenye chuma. Alikuwa anaifungua ile kit ya zamani, aliijua kwa rangi zake, akagusa ngoma, na mimi nikawa naifunga na kumfungulia ile mpya, yenye maji ya kweli. Akagusa alama ya kurudi nyuma, akarudi kwenye ngoma. Nikafunga. Hivyo kutwa. Mikono yangu ilikuwa na alama za meno hadi kwenye kiwiko, na wanawake kwenye foleni ya maji walizitazama, kisha wakageukia bidoni zao.

Sikukuu ilikuwa imebaki kidogo. Shemeji hakuwa na pa kufanyia mazoezi ila hapo nyumbani, na alikuwa ananiomba ruhusa kwa kila kitu kama mpangaji. Alasiri moja aliketi kwenye kizingiti, tableti mapajani, ile kit ya zamani imefunguliwa, anajifunza mapigo ya wimbo wa kuingilia. Mimi nilikuwa kwenye mbabula napepea mkaa. Mtoto alikuja kwa nyuma yake, akapitisha mkono juu ya mkono wake, akagusa mraba wa kwanza.

Ngoma ikapiga katikati ya wimbo. Shemeji akasimamisha vidole. Mtoto akamtazama usoni, akagusa tena. Ngoma. Akageuza kichwa kwenye bidoni iliyokuwa pembeni ya ukuta. Akagusa tena.

Shemeji aliiweka tableti chini. Aliinuka, akachukua kikombe, akainamisha bidoni, akamletea. Mtoto akanywa. Akamaliza, akarudisha kikombe, akagusa ngoma, na shemeji akaenda tena kwenye bidoni. Mara ya tatu mtoto aliyamwaga maji chini.

Nilikasirika upya. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa furaha, ndivyo watu wanavyotaka kusikia ninapowasimulia, lakini nilisimama pale na kipepeo cha mkaa mkononi nikitaka kumpiga nacho shemeji yangu. Mtu aliyemnyang'anya mtoto maji yake ndiye aliyempa. Na mtoto hakuja kwangu. Alikuwa amekwenda kwa mtu asiyemfungia kit.

"Yaya," shemeji akasema, hakugeuka, "kwake ngoma njo maji sasa."

"Nimeona."

"Hakukataa maneno. Alikamata ile alikuta."

Nikamwambia aendelee na mazoezi yake, mkaa unazimika. Lakini sikuutazama mkaa.

Baada ya kula tuliketi wote watatu kwenye mkeka na tukafanya kazi niliyoona ya ajabu: tulimfuata mtoto mraba kwa mraba, tukitaka kujua anaita nini kila kitu. Nilimwekea kit mbili, ya ngoma na ya kwangu, nikamwachia mkono. Ngoma ndogo ilikuwa bukari, hakuna mjadala. Kwa mlango hakutaka makofi. Alikubali komeo jipya, akainuka kabisa na kwenda kulishika. Kikohozi cha kaku alikipokea mara moja, kwa sababu kikohozi kile kilikuwa kinasikika getini kila siku na hakijabadilika. Kicheko cha baba yake alikisikiliza, akakiacha, hakukataa wala hakukubali. Mtu anayerudi mwisho wa mwezi anaweza kungoja.

Ikabaki mimi. Nilimfungulia rekodi yangu, ile niliyoona ina afadhali, nikamwambia gusa. Akaigusa, sauti yangu ikasema "mama" kwa ukali wake. Akanishika kidole. Akakipeleka kwenye kit nyingine, kwenye mraba wa nne, akakibonyeza hapo kwa nguvu. Toazi likalia. Akanitazama usoni, akakibonyeza tena.

Shemeji aliangalia dari. Najua alikuwa anajizuia nini. Kati ya sauti zote zilizomo, mtoto wangu ameniita kwa shaba mbili zinazogonganishwa.

"Unaweza kucheka," nikamwambia.

"Sicheke, yaya."

Usiku uleule nilizihamisha. Nilizichukua namba moja, namba mbili na namba nne za rafiki wa Lubumbashi, nikazinakili ndani ya folda ya mtoto pamoja na komeo na kikohozi. Nikaielekeza kit yake kwenye nakala hizo na siyo kwingine. Kisha nikachukua kit na sauti zake pamoja, folda nzima, nikaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, na kwenye simu yangu, na kwenye simu ya shemeji, na mume wangu aliporudi nikamwekea yake hata kabla hajavua viatu. Na sikuamini. Niliichomeka kadi kwenye simu ambayo haijawahi kuiona tableti, nikafungua, nikagusa mraba wa kwanza. Ilipiga. Sasa nikikutana na mtu anayetunza mpangilio peke yake akidhani ametunza muziki, namwambia ukweli bila adabu.

Shemeji aliniuliza kama nataka atafute toazi jingine la kanisani, ili mtoto asichanganyikiwe. Aliuliza kwa moyo mweupe. Nilimwambia apige alilo nalo. Sijamsamehe, na yeye anajua, na bado asubuhi anamchotea mtoto maji kabla ya kwenda kuchomelea. Mambo hayo mawili yanaishi kwenye lupango moja na hakuna linaloliondoa jingine.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa hadi nje. Niliketi benchi la katikati, mtoto kati yangu na mama mkwe, ambaye alikuwa amevaa kitenge cha korali na ameshikilia chupa ya maji mapajani tayari, kwa sababu ya ngoma. Wale wa Mulungwishi waliimba kwanza, vizuri, bila vyombo. Kisha wetu wakasimama. Shemeji alikuwa mbele na tableti juu ya kisimamio cha Biblia, spika mbili kila upande.

Ngoma kubwa ilianza, na mama mkwe akafungua chupa. Mtoto akanywa kidogo, kwa heshima, akamrudishia. Ngoma ikaendelea. Akatazama chupa, akatazama watu wote wale, na nikaona anaelewa kwamba hapa maji haya yanaitwa na mtu mwingine, kwa shughuli nyingine. Akaacha.

Lakini kwenye kiitikio toazi likagonga, na akageuka kunitafuta. Nilikuwa hapo hapo, bega lake linagusa mkono wangu. Hata hivyo aligeuza kichwa chote na kunitazama usoni, anangoja. Korali ilikuwa inaimba kwa nguvu, watu wamesimama, mbele yetu mwanamke anapunga kitambaa.

"E, papa," nikamwitikia, jinsi huku tunavyowaita watoto wetu wa kiume.

Akarudisha macho mbele. Kiitikio kikarudi, toazi likagonga, akageuka. Nikaitika. Wimbo wa kuingilia wa kanisa letu ni mrefu, na shemeji yangu, nikimjua, huwa anaongeza kiitikio akiona watu wamepata moto. Aliongeza. Sikukaa chini na sikufunga macho kama wenzangu wanaoabudu. Kila lilipogonga, niliitika.